Pengo la Hedvika

Wahenga walikwisha kata shauri:
jino la pembe si dawa ya pengo.
Nami miaka thelathini na minane nimekula mkate
kwa kuwabishia.

Hapa Idrija, mji wa zebaki na lesi,
niliyeyusha nta kwenye ncha ya kisu,
nikamimina plasta, nikangoja ikauke,
nikasoma vinywa vya watu kwa kidole gumba.
Rafuni vimejipanga bado, vina vumbi:
mwoka mikate, padri,
mchimbaji ambaye zebaki ilimlegeza meno
kabla ya kumlegeza mwenyewe.

Kisha mkono wa kulia ukaanza kutetemeka.
Si sana. Kama uzi uliopitiwa na upepo wa dirisha.
Sikumwambia mtu.
Tjaša aliona. Akasogeza kiti chake karibu na kompyuta,
akaniachia nafasi bila kuniita.

Bi Hedvika alikuja Februari, theluji mabegani.
Meno manne hayapo: magego mawili kushoto, moja kulia,
na lile la mbele alilolimaliza kwa kukata nyuzi,
maana fundi wa lesi mkasi wake u kinywani.
Daktari akampitishia kijiti cha mwanga,
hakumjaza lile donge la kutapisha,
na huku kwetu kinywa chake kikaibuka kwenye skrini,
kipande kwa kipande, cha waridi,
kikubwa kama mlango wa kanisa.

"Pale pana kivuli," nikasema. "Kulabu itakwama."
Tjaša akakiinamisha digrii tatu
na kivuli kikahama.
Mimi kazi hiyo niliifanya kwa nusu saa,
nikiinamisha kimeza cha chuma na kutukana.
Akachora kulabu. Akachora utepe wa kaakaani,
tundu kwa tundu, wavu mwembamba,
na nyuma yetu Hedvika, koti bado mwilini:
"Hiyo ni lesi. Lakini pembeni hapo mmekosea fundo."

Tukacheka. Kisha tukatazama tena.
Pembe ile ingekatika kabla ya mwaka wa pili.

Usiku mashine ilifanya kazi peke yake.
Unga wa kobalti na kromi, laini kuliko wa ngano,
na leza ikiandika juu yake, tabaka juu ya tabaka,
haipigi mwayo, haiombi kahawa.
Nilibaki. Sijui nilikuwa nalinda nini.

Alfajiri chuma kilitoka kijivu, kikali, na miiba yake.
Hapo ndipo mikono inapoitwa.
Nilisugua hadi saa sita mchana;
brashi inayozunguka humeza mtetemo wa mtu.
Meno niliyapanga mimi. Rangi niliichagua mimi,
umanjano kidogo, wa kahawa na miaka sabini na mmoja,
maana jino jeupe mno hujitangaza
kama mgeni aliyekuja harusini mapema.

Akalivaa. Tak! Mlio mmoja, wa kitasa kizuri.
Akahesabu kwa sauti, herufi hazikupiga mluzi.
Ulimi ukaenda penye pengo kwa mazoea yake,
ukakuta mtu nyumbani.
Daktari akamwonya: nyuzi, basi.
Akaitikia kwa heshima zote,
na mlangoni, akidhani hatumwoni,
akavuta uzi uliochomoza kwenye mkono wa koti,
akauuma.

Wahenga, sijawashinda.
Usiku hulitoa, hulitia kwenye glasi ya maji,
na pengo hurudi kulala mahali pake.
Ila kinywa cha Hedvika hakimo rafuni.
Kimo ndani ya mashine, wazi,
hakipati vumbi, hakizeeki,
na mimi jioni, kabla ya kuzima taa,
hukigeuza kidogo, digrii tatu,
nikitafuta lile fundo.